Fundi Usumani na Ua la Yasmina

Kabla ya ua, mjueni kwanza mwenye dirisha. Usumani ni fundi cherehani wa mtaa wetu huu wa Gitega. Nyumba yake iko mwisho wa ngazi za mawe, na siku ya mvua ukiteleza kule juu unafika mlangoni mwake bila kubisha hodi. Wateja wengi aliwapata hivyo. Ni mtu mrefu, mkavu, mgongo umejikunja kwa ajili ya mashine, hata akisimama unadhani bado amekaa. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, akaleta vitambaa, chumvi na Kiswahili. Vitambaa vimechakaa, chumvi imeliwa, Kiswahili ndicho hiki tunachogombana nacho kila siku.

Kitu kilichomtenga Usumani na mafundi wote wa dunia ni kimoja: alikuwa hasemi uongo. Fundi mwingine akikuambia njoo Ijumaa, hajakuambia Ijumaa ya mwaka gani. Usumani akisema Ijumaa, siku hiyo unaikuta nguo imepigwa pasi na imekunjwa, inakungoja wewe. Najua hamtaniamini. Niliwaambia kwamba niliona mamba amepanda basi la Huye pale stendi ya Nyabugogo, tena amekaa dirishani, mkaitikia vizuri kabisa. Hili la fundi mkweli ndilo linawashinda.

Na alikuwa na ugonjwa wake mdogo. Hawezi kuona uzi unaning'inia. Atakusimamisha njiani, akuombe radhi, atoe mkasi mdogo mfukoni, akate kile kiuzi kwenye pindo lako, aende zake. Siku moja alikata uzi kwenye kanzu ya sheikh mwenyewe, amesimama nyuma yake msikitini. Swala ilikuwa haijaanza, nashukuru.

Mkewe ni Yasmina. Hawakupata mtoto. Watu walisema walichosema, wakachoka, wakahamia kusema wengine. Yasmina alikuwa mpishi wa familia fulani ya kigeni huko Kiyovu, na wale wageni walipofunga mizigo kurudi kwao walimwachia sufuria, shuka, na kijiti kimoja chenye majani mawili ndani ya kikombe kilichovunjika mkono. Jina la kijiti hawakumwambia. Yasmina akakipanda kwenye mkebe wa maziwa ya unga, akautoboa chini kwa msumari, akauweka dirishani mbele, pale cherehani ilipo.

Kikakua. Kikawa kamba yenye majani mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta ya nazi, ikajizungusha kwenye nondo za dirisha kama inaogopa kuanguka. Miaka ilipita, majani tu. Halafu mwaka mmoja likatoka ua. Siyo ua moja, ni kundi la nyota ndogo zimefungwa pamoja kama mpira, nyeupe za kuelekea waridi, kila moja na kitovu chekundu. Ukizitazama unasema hizi zimetengenezwa kwa nta ya mshumaa. Mchana zilikaa kimya. Jua likizama zilianza kunukia, na harufu hiyo, mimi niwaambie, ilipanda ngazi zote. Mabinti walikuwa wanaahirisha kwenda harusini. Nyuki walikuja kutoka Ndera kwa miguu, wakafika wamechoka, wakakaa kwenye benchi la wateja wakisubiri zamu.

Yasmina alikuwa akimaliza swala ya magharibi anavuta kigoda chake chini ya dirisha, anafumba macho, ananusa. Basi. Usumani anashona, yeye ananusa, na mimi jirani yao napita na ndoo yangu najifanya sioni. Sijawahi kuwaona watu wamekaa vizuri namna hiyo bila redio.

Maua yalidondoka, kama maua yote. Kilichobaki ni kikonyo kitupu, kifupi, kimesimama kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Usumani akakiona. Mnajua alikiona kama nini. Akatoa mkasi, akakata, akapangusa yale maziwa ya mti yaliyotoka kwa kipande cha pamba, akaridhika. Mmea ukatoa kamba ndefu isiyo na jani hata moja, inapapasa hewani kama kipofu anatafuta ukuta. Hiyo nayo akaikata. Kila ilipotoka, ilikatwa. Ule mmea ukawa nadhifu kama kichwa cha polisi, na haukuchanua tena.

Sisi tulitafuta mchawi. Nyiransabimana, mwenye duka la juu, alisema ni jicho la watu. Mwingine akashauri majivu, mwingine majani ya chai. Mimi nilisema uimbiwe, nikaimba mwenyewe, mbuzi wa jirani akakata kamba akakimbia. Yasmina alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa bado na miguu ya kukaa na kuinuka, wakati huo.

Halafu sukari ikamjia. Ilianza na macho. Mwanzo alikuwa anasema ukungu umeingia ndani ya nyumba, mpaka siku aliyouliza kwa nini hatujawasha taa, na ilikuwa mchana. Baadaye ikachukua nguvu za miguu. Usumani akampeleka hospitali, akamrudisha, akampeleka tena, na mara ya mwisho daktari akamwita pembeni, akamwambia kwa upole amkalishe nyumbani, ampe anachokipenda. Alirudi naye kwenye gari la kukodi. Zile ngazi za mawe alimshusha amembeba mgongoni, na watu wakawapisha.

Siku chache baadaye nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, nampa uji asioutaka, Usumani akaingia kumuuliza anatamani nini. Alidhani atasema samaki.

"Nataka kulinusa lile ua, fundi," Yasmina akasema. Alimwita fundi tangu wawe vijana. "Mara moja tu. Macho sina, lakini pua bado ninayo."

"Utalinusa," Usumani akasema.

Nilimtazama nikajua amejifunga. Mtu ambaye neno lake ni Ijumaa ileile ametoa neno juu ya kitu asichokijua hata jina.

Akaanza kuzunguka. Alichuma jani moja, akalifunga kwenye leso, akaenda nalo kwenye mapinyeri yote ya barabarani, pale wanapouza miche. Huyu akamwambia ni dawa ya meno. Yule akasema huu ni mpira, utakua utoboe paa. Mwingine akamuuliza, muzehe, unaitwaje huo mmea wako, akajibu ningelijua jina ningekuja kukuuliza nini. Wakamwonyesha maua mekundu yanayong'aa kama sahani za plastiki. Akainama, akanusa, akashukuru. Hayana harufu hata ya vumbi. Alirudi jioni viatu vimejaa udongo, na Yasmina akisikia hatua zake tu mlangoni alijua, haulizi.

Aliyetuletea jina ni mteja. Anaitwa Trinah, mmoja wa wale waliokulia Uganda wakarudi na wazazi wao, ana kazi ya ofisini, na alikuja kushonewa gauni la harusi ya dada yake. Kiswahili chake kinapita njia yake chenyewe, lakini kinafika. Usumani alimpima mabega, akampima kiuno, na alipokuwa anangoja yeye avae koti lake, mkono ukaenda wenyewe dirishani. Kamba mpya ilikuwa imechungulia. Akaikata.

"Eh, muzehe," Trinah akasema. "Sasa hiyo unaikata ya nini?"

"Ni uzi tu. Huu mti unaotesha nyuzi."

"Hiyo si uzi. Maua inapita hapo." Akasogea, akaangalia mmea mzima, juu mpaka chini, na nondo zake. "Hii ni hoya. Mama yangu alikuwa nayo Mbarara, iko kubwa, imejaa baraza. Tulikuwa tunachapwa tukigusa kile kikonyo. Ua ikianguka, kikonyo inabaki, na mwaka mwingine ua inarudi palepale. Ukikata, umeifungia mlango."

Usumani akaweka mkasi juu ya meza, polepole, kama kitu cha moto.

"Vyote," akasema.

"Vyote nini?"

"Nimevikata vyote. Tangu lilipochanua."

Trinah akavua tena koti lake. Nyuma ya ukuta, Yasmina aliyekuwa amelala chumbani akauliza kuna nini. Mwanaume mwingine angesema hakuna kitu, mama, lala. Usumani akaenda mpaka mlangoni mwa chumba.

"Ni mimi, Yasmina," akamwambia. "Nilikuwa nalikata mimi."

Halafu tukasikia anacheka, kicheko kidogo, hakina pumzi.

"Mimi nilidhani nimerogwa," akasema. "Kumbe nimeolewa na mkasi."

Trinah alitufundisha kila kitu siku ile, amesimama na koti lake mkononi. Kamba zisizo na majani ziachwe, ndiko maua yanakozaliwa. Mkebe uwe wa kubana, usibadilishwe kwa kuuonea huruma. Udongo ukauke kabla ya kumwagiliwa tena. Mwanga mwingi wa dirishani. Na jambo la mwisho alilisema mara mbili: matumba yakishatokea, mmea usihamishwe hata kidogo, wala kuzungushwa, kwa sababu unanuna na kuyadondosha yote. Tulimuuliza kama ule wa mama yake unaweza kututolea ua moja. Akasema waliuacha huko walipohama, na mwenye nyumba mpya alijenga juu ya baraza. Usumani akauliza itachukua muda gani. Trinah akatazama mlango wa chumba, akasema inategemea. Nilijua jibu hilo. Ndilo wanalotoa madaktari.

Basi akangoja. Sijui kama mmewahi kumwona mtu anajizuia asikate. Kamba ilitoka, ikarefuka, ikaning'inia mbele ya uso wake pale anaposhona, inamgusa paji la uso, naye anainamisha kichwa anaipitia chini kama mtu anayemsalimia mkubwa. Wateja wakicheka, hajali. Na kweli, siku moja, pembeni ya jani jipya kwenye ile kamba, kikonyo kikatoka. Kikabeba kichwa kidogo chenye punje kama dengu. Alinikimbilia hadi jikoni kwangu, mtu mzima yule, ameshika sindano ina uzi wake.

Lakini Yasmina alikuwa chumba cha nyuma, na mmea uko mbele, na mmea hausogei. Usumani akafikiri siku nzima bila kushona. Jioni akatuita tumsaidie, akaisogeza cherehani kando, akahamishia kitanda chini ya dirisha. Nyiransabimana alimkatalia kabisa. Alisema si adabu kumlaza mgonjwa mahali watu wanapovulia makoti, wataongea. Usumani akasema waongee. Akachukua vipande vya vitambaa vya wateja wa miaka mingi, akaunga rido, pazia moja kubwa la rangi zote, akaitundika katikati ya chumba. Upande huu cherehani na wateja, upande ule dirisha, kitanda na Yasmina.

Hizo zilikuwa siku nzuri, kama kuna siku nzuri katika habari hii. Yasmina alikuwa anasikiliza mashine na kujua nguo. Hiyo ni hariri, anasema, hiyo jinzi, hiyo unashona huku umekasirika. Mteja akipimwa, sauti inatoka nyuma ya rido: "Kiuno hicho umuongezee nafasi, fundi, huyo atakula harusini." Mama mmoja alikasirika, akatoka, akarudi kesho yake na machungwa kwa mgonjwa. Kila asubuhi Usumani alimshika Yasmina mkono, akakinyoosha kidole chake mpaka karibu kabisa na matumba, bila kugusa, akamweleza. Leo yamekuwa kama ulezi ulioloweshwa. Leo yana shingo. Leo yameanza kuona haya, yana wekundu.

Halafu mvua za masika zikakaa. Mnazijua, hazinyeshi zikaondoka, zinahamia. Wingu lilishuka mpaka kwenye mabati, mchana tukawa tunawasha taa, na maji yaliteremka ngazi zile kama yamefukuzwa. Yale matumba yakasimama. Yalikuwa yamevimba, magumu, yamefumba kama shanga, hayaendi mbele wala nyuma. Usumani alifuta kioo cha dirisha kila saa kama vile uchafu ndio uliolificha jua. Na Yasmina akaacha kula. Akaacha kutambua vitambaa. Kila siku, mchana au jioni, alikuwa anauliza neno moja.

"Limefunguka?"

"Bado."

"Haya."

Siku moja akawa anauliza, na kabla hajajibiwa amesahau, anauliza tena. Pumzi yake ilikuwa inakwama kifuani kama zipu mbovu. Niliona Usumani ametoka, amepanda dukani kwa Nyiransabimana, amerudi. Nilidhani ameleta dawa. Ilikuwa baada ya magharibi, saa ileile ya zamani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatoa pamba mfukoni, akaisogeza karibu na pua ya mkewe.

"Yasmina," akasema. "Limefunguka."

Yasmina akavuta pumzi. Nami niliisikia harufu pale nilipokaa. Ilikuwa marashi ya chupa, ya kijani, yale tunayopaka wote siku ya Idi. Uso wake haukubadilika kwanza. Alinusa tena, kwa subira, kama anataka kumpa mtu nafasi ya kusahihisha. Kisha akageuza kichwa upande wa ukuta.

"Hata wewe, fundi," akasema.

Mimi nimedanganya watu wa mtaa huu wote, na wengine wamekufa wakiniamini, lakini sijaona uongo unamrudia mtu namna ile. Usumani alibaki ameishika pamba hewani. Nikatoka, nikawaacha, na nilipokuwa napanda ngazi nilisikia mashine imeanza kushona, inashona haraka sana, na najua hakukuwa na nguo ya mtu.

Baada ya hapo Yasmina hakuuliza tena. Hilo ndilo lilimla Usumani. Alikuwa anamwambia asubuhi, bado hayajafunguka, Yasmina, ni kweli bado, na mama wa watu alikuwa analala tu, anasikia au hasikii. Alikufa kabla mvua haijakatika, mchana, mashine iko kimya, Usumani ameshika mguu wake anaukanda kwa mafuta. Inna lillahi. Matumba yalikuwa palepale juu ya kichwa chake, yamefumba.

Kifo kikiingia kwa Waislamu hakingoji. Maziko ni siku hiyohiyo. Watu wakajaa ngazini, mikeka ikatoka msikitini, na wanawake tukaingia kuondoa vitu chumba cha mbele, kwa sababu ndicho kikubwa, ndicho cha kumwoshea. Kitanda kikatoka. Cherehani ikabebwa na watu wawili. Rido ikashushwa ikakunjwa. Na Nyiransabimana, maskini, kwa moyo mzuri kabisa, alikuwa anataka dirisha lifunikwe shuka ili watu wa nje wasione. Akaanza kuuchomoa ule mmea kwenye nondo. Ulikuwa umejizungusha miaka yote hiyo. Aliuvuta, akaufungua, ukakatika huku na kule, maziwa yakamwagikia mikono yake. Niliyaona matumba yanaanguka sakafuni, mepesi, bila sauti. Mtu akayafagia pamoja na vipande vya nyuzi. Mkebe ukapelekwa uani.

Usumani alikuwa mlangoni na sanda mikononi. Sheikh alimpa aikate mwenyewe, kwa heshima, maana nani mwingine. Alikata vizuri. Halafu akatafuta sindano, akaanza kukunja pindo. Sheikh akamshika mkono.

"Sanda haishonwi, fundi," akamwambia. "Haina pindo."

"Itafumuka."

"Acha ifumuke."

Akaiacha. Alikabidhi kitambaa kile hivyohivyo, kingo zake zinatoa nyuzi, akaenda kukaa nje na wanaume.

Ule mkebe bado uko uani, nyuma, ukutani karibu na bomba. Jua halifiki pale. Majani yamebaki machache, mazuri, yanang'aa. Trinah alikuja kutoa pole, akauona, akasema taratibu kwamba urudishwe dirishani, mizizi iko hai, mwaka kesho au ule mwingine huenda. Usumani alimshukuru. Hakuurudisha. Dirisha sasa lina nondo tupu, na mashine ameigeuza inatazama ukuta.

Watu wanaokuja kuteka maji wanaupenda. Wanamwomba tawi, naye anawapa, anawavunjia kwa mkono, mapande makubwa. Hawaambii kuhusu mwanga. Hawaambii kuhusu kikonyo. Wiki iliyopita binti mmoja alimuuliza unaitwaje, na kama unatoa maua.

"Ni majani tu," akamwambia.